Wanakuuzia ziwa, unanunua bwawa

Oktoba iliyopita rafiki yangu mmoja, Mtanzania mwenzangu anayeendesha malori ya masafa marefu hapa Virginia, alinirushia picha 22 kwa WhatsApp kwa mkupuo mmoja. Nyumba ya vyumba vinne, baraza la mbao, ngazi za kushukia majini, gati dogo na boti iliyofunikwa turubai. Chini yake akaandika: "Kaka, tumeipata. Mtaa wenye ziwa lake wenyewe. Geti, mlinzi, ufukwe. Shemeji yako hajalala tangu jana."

Nikampigia nikamuuliza: "Ukuta uko upande gani?"

"Ukuta gani tena?"

"Wa bwawa."

"Kaka, mimi nimesema ziwa."

Hapo ndipo mazungumzo yetu ya miezi minne yalipoanzia, na makala haya ni sehemu yake.

Mimi nimekulia Mwanga, mkoani Kilimanjaro, si mbali na bwawa la Nyumba ya Mungu. Pale hakuna mtoto asiyejua kwamba yale maji ni bwawa. Yalifungiwa na watu miaka ya 1960, kwa ukuta, kwa kazi maalum, na yana wenyewe wanaoamua lini yafunguliwe. Mwaka wa ukame maji yanarudi nyuma, wavuvi wanahamisha kambi zao kuyafuata. Ziwa ni kitu kingine: Viktoria, Tanganyika, Nyasa, hata Jipe pale jirani. Ziwa halina mtu aliyelijenga, kwa hiyo halina mtu wa kulikarabati. Kiingereza cha madalali wa Marekani kina neno moja kwa yote mawili, "lake", na neno hilo limewagharimu watu wengi fedha nyingi.

Mengi ya hayo "maziwa" yenye geti na ufukwe wake yalitengenezwa kati ya miaka ya 1920 na 1970 kwa mtindo uleule. Kampuni ya viwanja inanunua bonde lenye kijito, inajaza tuta la udongo mdomoni mwa bonde, maji yanajaa, viwanja vinapimwa pembeni na kuuzwa kwa watu wa mjini. Huko Arkansas, kampuni ya John Cooper ilianza kuuza viwanja vya Bella Vista mwaka 1965. Leo Bella Vista ni mji kamili wenye maziwa saba ya kutengenezwa, na chama cha wamiliki ndicho kinachoyatunza. Kwingine kampuni huuza kiwanja cha mwisho, hukabidhi ziwa, barabara na ukuta kwa chama, kisha huondoka. Tuta lenye umri wa miaka 50 au 60 linabaki mikononi mwa kamati ya mwalimu mstaafu, fundi bomba na mama anayeuza bima, wanaokutana jioni moja kwa mwezi. Orodha ya taifa ya Marekani ina mabwawa zaidi ya 90,000, na mengi kati yake ni ya watu binafsi, si ya serikali.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la binafsi huko Solai, Nakuru, lilipasuka baada ya mvua kubwa, na zaidi ya watu 40 wakafa kijijini chini yake. Lakini mtu akishavuka bahari huwa anadhani mambo ya namna hiyo ameyaacha nyumbani. Hajayaacha. Mfano ninaompa kila anayeniuliza ni wa Michigan.

Kaskazini mwa mji wa Midland kulikuwa na maziwa manne yaliyopangana kwenye mito ya Tittabawassee na Tobacco: Secord, Smallwood, Wixom na Sanford. Mabwawa yake yalijengwa miaka ya 1920 ili kuzalisha umeme. Pembeni zikaota nyumba, kwanza vibanda vya wikendi, baadaye nyumba za kustaafia. Ukuta wa Edenville, unaoshika maji ya Wixom, ulimilikiwa na kampuni binafsi, Boyce Hydro. Kwa miaka mingi wakala wa serikali kuu unaosimamia nishati uliiambia kampuni kwamba njia ya kutolea maji yanayozidi ni ndogo mno kwa mafuriko makubwa. Kampuni haikuipanua. Septemba 2018 leseni yake ya umeme ikafutwa. Kilichofuata ni cha kutafakari: usimamizi ukahamia serikali ya jimbo, mapato ya umeme yakakatika, na tuta likabaki palepale na udhaifu wake uleule.

Tarehe 19 Mei 2020, baada ya mvua ya siku kadhaa, Edenville likapasuka. Maji hayakupita juu ya tuta. Wataalamu waliochunguza walieleza katika ripoti ya 2022 kwamba mchanga uliolegea ndani ya tuta, ukiwa umeloa maji, ulipoteza nguvu kwa ghafla na kutiririka. Video ipo. Mteremko wa nyasi unashuka kama uji uliomwagwa. Wixom likamwagika lote, likaangukia Sanford, nalo likazidiwa. Watu wapatao 10,000 walihamishwa. Kwa bahati hakufa mtu.

Watu wengi husimulia mkasa huu kwa upande wa mafuriko ya Midland, na ni sawa. Lakini anayetaka kuhamia kando ya ziwa anapaswa kuwaangalia wale walioishi upande wa juu wa ukuta, kando ya ziwa, ambao nyumba zao hazikuguswa na mafuriko. Waliamka asubuhi gati limesimama juu ya matope. Miezi michache baadaye lile tope likaota majani, kisha vichaka. Kampuni ikafilisika. Kaunti za Midland na Gladwin zikachukua mabwawa, jimbo likatoa dola milioni 200 za kuyajenga upya, na bado zaidi ya dola milioni 200 hazikuwa na wa kuzilipa. Mwaka 2024 makamishna wa kaunti wakaidhinisha zikusanywe kwa wenye nyumba na viwanja kandokando ya maziwa hayo, kwa tozo maalum ya miaka mingi. Baadhi yao walikwenda mahakamani kuipinga. Mtu alikaa miaka minne bila ziwa, halafu akaletewa bili ya kulirudisha.

Texas walipata kama hayo kwa njia ya polepole zaidi. Ziwa Dunlap, kwenye mto Guadalupe, lilikuwa na milango ya chuma ya enzi za mwishoni mwa miaka ya 1920. Mei 2019 mlango mmoja ulianguka mchana kweupe na ziwa likatoka. Mamlaka ya mto, iliyomiliki ukuta, ikasema mapato ya umeme hayatoshi kujenga upya. Basi wakazi wakaunda wilaya yao ya maji, na Novemba 2020 wakapiga kura kujitoza kodi wenyewe. Maji yalirudi 2023. Nawaheshimu sana watu wale. Lakini hebu fikiria umenunua nyumba pale Aprili 2019.

Sasa turudi kwa rafiki yangu. Kilichomfurahisha zaidi kwenye tangazo ni ada ya chama: ndogo kuliko ya mtaa wa kawaida anaoishi sasa, ambao hauna hata bwawa la kuogelea. Aliniambia kama mtu aliyeokota noti barabarani. Mimi ada hiyo ndiyo iliyonitisha.

Sisi tunajua michango. Harusi, msiba, ada ya mtoto wa ndugu, kamati, kikao, mwenyekiti, mtunza hazina na yule anayeahidi halafu hatokei. Chama cha wamiliki wa nyumba, ambacho hapa kila mtu hukiita HOA, ni kamati ya michango yenye tofauti moja: huwezi kuikwepa. Ukinunua nyumba umeingia, utake usitake. Usipolipa, deni linaandikwa juu ya nyumba yako, na katika majimbo mengi chama kinaweza kuipeleka nyumba kuuzwa. Hiyo ni nguvu kubwa. Cha ajabu, vyama vya maziwa vingi haviitumii nguvu hiyo mahali inapohitajika, yaani kukusanya akiba ya ukuta mapema.

Sababu yake si siri. Wapiga kura wengi wa mitaa hii ni wazee. Mtu ana miaka 74, pensheni yake haibadiliki, na anaambiwa ada ipande mara mbili ili tuta likarabatiwe miaka 12 ijayo. Atapiga kura gani? Mwenye nyumba mstari wa tatu, ambaye haoni hata tone la maji kutoka dirishani, anaulizwa alipe sawa na mwenye gati. Atapiga kura gani? Na anayetaka kuuza mwakani anajua ada kubwa inafukuza wanunuzi. Hakuna mtu mbaya hapo, kila mmoja ana hesabu yake. Hesabu hizo zikijumlishwa, kila mwaka matengenezo yanasogezwa mbele, na anayekuja kuyakuta ni mnunuzi mpya. Kwa maneno mengine, ada ndogo ya leo mara nyingi ni mkopo, na wewe ndiye uliyeandikwa kuulipa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza habari za boti, omba karatasi. Katika majimbo kama Virginia muuzaji anawajibika kukupa taarifa za chama kabla hujafungwa na mkataba: bajeti, akiba iliyopo, kanuni, kesi zilizoko mahakamani. Omba pia mihutasari ya vikao vya miaka mitatu, hata kama haimo kwenye furushi. Bajeti huandikwa na watu wanaotaka ipite, wakati mihutasari huandikwa na katibu aliyechoka saa nne za usiku, ndiyo maana ina ukweli mwingi. Tafuta neno "mhandisi". Likijirudia vikao vitano mfululizo na hakuna anayesema analipwa na nani, umeshajua unachotaka kujua.

Halafu angalia bwawa lenyewe kwenye orodha ya taifa inayotunzwa na wahandisi wa jeshi, ambayo iko wazi mtandaoni. Hapo kuna mtego wa lugha unaowapata hata Wamarekani. Bwawa likiandikwa kuwa la "hatari kubwa", haina maana kwamba linakaribia kuvunjika. Maana yake ni kwamba likivunjika, huenda watu watakufa, kwa sababu kuna nyumba chini yake. Bwawa zima, lililojengwa vizuri mwaka jana, linaweza kuwa la hatari kubwa. Hali ya ukuta inaandikwa kwenye safu nyingine. Ni pale daraja la hatari linapokuwa juu na hali ya ukuta ikawa mbovu ndipo unapofunga kompyuta na kumpigia dalali.

Swali jingine ambalo rafiki yangu aliliona la kijinga ni hili: maji haya ni ya nani? Kwetu jibu ni rahisi. Sheria ya Mazingira ya 2004 ya Tanzania imeweka mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au ukingo wa mto kuwa eneo lisiloruhusiwa shughuli za kudumu za binadamu, na hata pale inapovunjwa mchana, hakuna anayesema ziwa ni lake. Marekani jibu linabadilika kila ukivuka kilima. Wakenya wengi wa Atlanta huenda kupumzika Lake Lanier. Lile ni la serikali kuu, na wenye nyumba pembeni hawamiliki ufukwe, gati lao lipo kwa kibali tu. Lake Norman, karibu na Charlotte, ni la kampuni ya umeme, Duke Energy, na ardhi inayofunikwa na maji hadi usawa uliopimwa ni ya kampuni. Haya ya vyama ni kundi la tatu, na ndani yake kuna wanaomiliki maji, wanaomiliki sakafu ya ziwa, na wanaomiliki haki ya kupita tu. Hata majaji hawaelewani kati ya jimbo na jimbo. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Illinois, katika kesi ya ziwa Zurich, iliamua kwamba anayemiliki kipande cha sakafu ya ziwa la binafsi anaweza kutumia uso wote wa maji, alimradi hawabughudhi wenzake. Ukihamia jimbo jirani usiende na hukumu hiyo mfukoni.

Bima nitaipitia haraka. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ya mafuriko, ile ya mpango wa serikali kuu, kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, na kwa nyumba ya familia haizidi dola 250,000 za jengo na 100,000 za vitu vya ndani. Ramani za mafuriko wanazotumia mabenki kwa kawaida hazionyeshi maji yatafika wapi ukuta ukivunjika. Na kama nyumba yako iko upande wa juu wa ukuta, hakuna bima hiyo itakayokulipa kwa sababu ziwa limeondoka na umebaki ukitazama matope.

Maji yenyewe nayo huzeeka. Bwawa linajaa tope kutoka juu, na kulichimba ni ghali kuliko watu wanavyodhani. Mbolea ya nyasi na mashimo ya maji taka ya nyumba za zamani huyalisha maji fosforasi, kisha Agosti unaona utando wa kijani na kibao cha kuwakataza watoto na mbwa kuingia. Aliyewahi kuona gugu maji Mwanza au Kisumu ataelewa. Tofauti ni kwamba hapa waliomwaga mbolea na wanaolalamika ni watu walewale, na wako kwenye kikao kimoja.

Nimechelewa kufika kwenye jambo ambalo shemeji aliliuliza kabla yetu sote. Alisoma kanuni za mtaa, kurasa 61, kwa simu, akiwa zamu ya usiku hospitalini. Asubuhi akatuma ujumbe: "Wageni ufukweni mwisho wanane kwa kila nyumba. Magari barabarani usiku marufuku. Jina la mgeni litumwe getini kabla. Sasa tukipata msiba?"

Wallahi sikuwa nimefikiri. Mtu akifiwa na mzazi huko Moshi au Bukoba, jioni hiyohiyo nyumba yake hapa inajaa. Wanakuja wa Maryland, wa Carolina Kaskazini, wengine hawajaalikwa na wala hawahitaji kualikwa. Magari 40, masufuria uani, nyimbo, usiku tatu mfululizo. Mlinzi wa geti ana karatasi yenye majina sita. Hakuna kanuni iliyoandikwa dhidi ya msiba wetu, ila kanuni zote zimeandikwa na watu ambao kwao kufiwa ni maua na kadi. Wakati wa kuulizia hilo ni kabla ya kusaini, na wa kuulizwa ni jirani na mlinzi, maana kamati itakujibu kwa kanuni.

Ulizia vilevile kupangisha kwa siku. Wengi wetu hupiga hesabu ya mkopo wa nyumba kwa kutegemea Airbnb ya kiangazi, na vyama vingi vya maziwa vimepiga marufuku jambo hilo au viko mbioni kupiga kura. Kanuni inaweza kubadilika baada ya wewe kuhamia.

Na kuna karatasi moja ya zamani inayoweza kukukera. Hati za mitaa ya miaka ya 1920 na 1930, ya maziwa ikiwemo, mara nyingi ziliandikwa sharti kwamba mtu mweusi asiuziwe, au hata asilale pale isipokuwa awe mtumishi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza masharti hayo kutekelezwa na mahakama mwaka 1948, na sheria ya makazi ya 1968 ikaharamisha ubaguzi wenyewe, lakini maneno bado yamelala kwenye mafaili ya kaunti. Weusi waliofungiwa milango walijitafutia maji yao. Idlewild, Michigan, ilianza mwaka 1912, na miongoni mwa walionunua viwanja pale ni daktari wa upasuaji Daniel Hale Williams na mwanazuoni W. E. B. Du Bois. Lake Ivanhoe, Wisconsin, ilianzishwa 1926 na Weusi kutoka Chicago. Sisemi haya ili mtu asinunue. Mimi ningenunua na hati hiyo ningeiweka kwenye fremu chooni.

Februari tulikwenda wote watatu kuitazama nyumba. Niliwasihi tungoje majira ya baridi kwa sababu vyama vingi huteremsha maji wakati huo ili wakazi watengeneze magati, na ziwa likishuka huonyesha lilivyo. Gati la kwenye picha lilikuwa limekaa juu ya tope jeusi, mita kama 15 kutoka kwenye maji. Dalali, kijana mpole, alisema mwezi Mei pangependeza. Tukamwomba atupeleke ukutani. Ilimchukua dakika kumi kuupata, akapiga simu mara mbili.

Lilikuwa tuta refu la udongo lenye majani makavu, na kwenye mteremko wa chini, upande usio na maji, kulikuwa na miti. Mizizi ya miti ni adui wa tuta la udongo. Huyapa maji njia, na mti ukiangushwa na upepo hung'oka na kipande cha ukuta. Rafiki yangu akaanza kuihesabu kwa kidole, kwa sauti. Alipofika 14 shemeji akasema anasikia baridi, akatangulia kwenye gari.

Njiani, kabla hatujafika barabara kuu, alimgeukia mumewe akamuuliza bei ya kumlipa mhandisi siku moja ni kiasi gani.